Jumamosi 630 za Drusilla Kemuma

Jumatatu, tarehe 1 Aprili 1963, saa tatu asubuhi, Drusilla Kemuma wa Marani, Kisii, alipima mvua ya inchi 0.31 na kuiandika kwa wino wa bluu katika daftari la serikali. Daftari hilo bado lipo, na tarakimu zake zinasomeka vizuri.

Hakuomba kazi hiyo. Ofisa wa hali ya hewa alikuja akitafuta mahali pa wazi pa kuweka kipimo cha mvua, pasipo na migomba, na katika Marani hapakuwa na mahali kama hapo isipokuwa mbele ya nyumba ya Drusilla. Mumewe, Walter Nyamweya, fundi wa nguo sokoni, alikuwa ameing'oa migomba yote ili ajenge nyumba ya matofali, nyumba ambayo mpaka leo hajaijenga. Drusilla alikuwa na miaka thelathini na miwili, amefika darasa la nane, na alijua desimali. Ofisa aliridhika. Malipo yangekuwa koti moja la mvua kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka kumi na miwili amepata makoti mawili.

Siku hiyohiyo Drusilla alimweleza ofisa kwamba yeye ni Msabato, na kwamba tangu jua litue Ijumaa hadi litue Jumamosi hapimi wala haandiki.

"Basi Jumamosi acha nafasi wazi, mama," ofisa alisema, akamkabidhi karatasi ya maagizo kumi na saba.

Karatasi hiyo aliibandika ndani ya mlango wa kabati, mahali Walter anapoweka kioo chake cha kunyolea ndevu. Akaifuata neno kwa neno. Kuku alipoangusha kipimo mwaka 1966, Drusilla aliandika katika daftari: "Kuku." Barua ikaja kutoka Nairobi kuuliza kuku ni kipimo gani. Siku ya harusi ya binti yao Eucabeth, wageni walipokimbilia ndani wakilalamika kwamba mvua imeharibu sherehe, mama wa bibi harusi aliwatuliza kwa kuwaambia kuwa ilikuwa inchi 0.04 tu.

Na kila Jumamosi aliacha nafasi wazi. Akienda kanisani alipita kando ya kipimo akitazama upande wa pili, asije akakisoma kwa bahati mbaya. Jumapili saa tatu alikuta maji ya siku mbili, akayaandika yote kwenye mstari wa Jumapili.

Mwaka 1974 kampuni moja ya bima iliamua kuwauzia wakulima wa chai bima ya mvua ya mawe. Kampuni iliomba nakala za daftari la Marani, na karani wake mmoja akazipiga chapa. Taipureta yake haikupenda nafasi wazi. Kila alipokuta nafasi wazi, alijaza sufuri. Wataalamu wa kampuni walipokea jedwali safi, wakalichunguza, wakagundua kwamba toka Aprili 1963 hadi mwisho wa 1973, katika Jumamosi 561, halikuanguka tone hata moja Marani. Jumapili, kwa upande mwingine, ilikuwa siku yenye mvua kuliko zote.

Watu wa Marani walikuwa wamelowa Jumamosi nyingi maishani mwao. Lakini jedwali lilitoka Nairobi, na lilikuwa na mhuri. Kanisani kwa Wasabato mzee mmoja alishukuru hadharani kwamba Bwana anaitunza siku yake ikiwa kavu. Wakatoliki waliuliza ni nani basi anayewamwagia maji wao wakienda misa.

Drusilla alimfuata wakala wa kampuni, Bwana Onyancha, kijana wa mjini Kisii mwenye mkoba wa ngozi.

"Mimi sikuandika sufuri," alimwambia.

"Mama, hii imepigwa chapa."

"Naona. Lakini sikuandika."

Onyancha alimwonyesha mhuri.

Kwa kuwa Jumamosi ilikuwa siku isiyo na hatari, kampuni iliitumia kuvutia wateja: mawe yakianguka Jumamosi, fidia ni mara mbili. Masharti yalikuwa mawili. Mawe yawe na upana wa nusu inchi au zaidi, na yaandikwe katika daftari la kituo cha Marani tarehe ileile, kwa mkono wa msomaji wa kipimo, yaani Drusilla. Wakulima arobaini na mmoja walijiandikisha.

Mmoja wao alikuwa Mong'ina, mjane wa Ondieki, jirani ambaye shamba lake linapakana na ua wa Drusilla. Ni Mkatoliki, mwenye sauti inayofika sokoni bila yeye kwenda. Mwaka 1973 aliuza ng'ombe wawili akapanda miche elfu tatu ya chai. Kibali chake cha kupanda kilisema shamba likikaa tupu msimu mzima, kitapewa mkulima mwingine.

Mawe yalianguka Jumamosi, tarehe 3 Mei mwaka huu wa 1975, saa tisa na dakika arobaini.

Drusilla alikuwa anarudi kutoka kanisani. Alikuwa amefika hatua nne kutoka kwenye kipimo, uso ameugeuzia upande wa pili kama kawaida, ndiyo maana hakuliona jiwe lililompiga kwenye paji la uso. Aliingia ndani, akakaa kwenye kiti, akaangalia ukuta.

Baada ya robo saa mawe yalikwisha. Miche ya Mong'ina ilikuwa vijiti. Mong'ina alisimama katikati yake kwa muda, kisha akachukua sufuria ya kupikia ugali wa wageni, akaijaza mawe, akaifunika kwa blanketi, akaenda kwa Drusilla. Nyuma yake walikuja wakulima wengine kama ishirini.

"Mama Eucabeth, geuka uone."

"Ni Sabato, mke wa Ondieki."

"Kugeuka si kazi."

"Kugeuka si kazi. Kugeuka ili nipime ni kazi."

"Basi geuka bila kupima. Utapima baadaye kwa kukumbuka."

"Vipimo sivikumbuki. Naviandika."

"Padri wetu angekuwa ameshapima na kubariki!" Mong'ina aliwageukia wenzake, kisha akamrudia Drusilla. "Hivi hukuyaona mwenyewe? Una nundu hapo kama yai la njiwa!"

"Nilipigwa. Sikuona."

Ilibaki kungoja jua litue. Sharti la kampuni lilisema tarehe ileile, na tarehe huendelea hadi usiku wa manane. Sabato huisha jua likitua. Baada ya machweo Drusilla angekuwa na saa tano na zaidi za kuandika. Mawe ndiyo hayakuwa na muda huo.

Hapo ulizuka ubishi wa blanketi. Mogire, mkulima mwenye miche mia nane na maoni mengi, alisema blanketi inaleta joto.

"Wewe ukijifunika blanketi unapata baridi?" Mogire alimuuliza Mong'ina.

"Mimi nina damu. Mawe yana damu?"

"Joto ni joto." Mogire akaivuta blanketi. Mong'ina akairudisha. Mogire akaivuta tena. Waliendelea hivyo hadi karibu saa kumi na mbili, na kila blanketi ilipoondolewa, watu wote ishirini waliinama kuangalia kama mawe yanapungua, wakayapumulia.

Jua lenyewe halikuonekana, mawingu yalikuwa mazito. Mogire alitangaza mara tatu kwamba limetua. Drusilla alifuata kalenda ya kanisa, iliyosema saa kumi na mbili na dakika thelathini na nne. Saa ya ukutani ilipofika hapo, Mong'ina alifunua sufuria.

"Bado," Drusilla alisema. "Hiyo saa inakwenda mbele kwa dakika nne."

Mong'ina aliifunika sufuria. Watu wote ishirini waliikazia macho saa ya ukutani kwa dakika nne.

Kisha Drusilla aligeuka, akachukua rula na daftari, akatazama ndani ya sufuria. Kulikuwa na maji, na jiwe moja. Alilitoa kwa kijiko, akalipima. Robo inchi. Akaandika: robo inchi.

"Andika lilivyokuwa," Mong'ina alisema polepole.

"Sikuona lilivyokuwa."

"Watu ishirini hawa waliona!"

"Daftari si lao."

Mong'ina aliketi chini, sakafuni, sufuria mapajani. "Mawe yamenipiga robo saa sikufa," alisema. "Wewe umeniua kwa rula."

Drusilla aliisoma tena ile robo inchi aliyoiandika. Lakini hakufuta.

Walter, aliyekuwa ameketi pembeni, aliwasha taa, akafungua kabati. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa amenyoa ndevu mbele ya ile karatasi.

"Agizo la kumi na moja," alisema.

Agizo la kumi na moja linasema: mawe yakiwa yameyeyuka, msomaji apime alama yaliyoiacha kwenye kitu chochote laini kilichokuwa karibu na kipimo, na ataje kitu hicho.

Watu walitazamana, kisha wakatazama paji la uso la Drusilla.

"Mimi si kitu," Drusilla alisema.

"Haijasema kisiwe mtu," Walter alijibu. "Ulikuwa hatua ngapi?"

"Nne."

"Basi ulikuwa karibu."

Drusilla aliisoma karatasi yote, maagizo yote kumi na saba, kuona kama kuna mahali panapokataza. Hapakuwa. Mong'ina alinyoosha mkono apewe rula, akanyimwa, kwa sababu anayepima ni msomaji. Walter alishika taa na kile kioo cha kunyolea. Drusilla alijipima mwenyewe, mara mbili, akaandika: "Alama: paji la uso la msomaji, inchi 1¼. Msomaji hakuwa akitazama."

Jumanne Onyancha alikuja na jibu la kampuni. Kampuni ilisema mawe hayawezi kuanguka Marani Jumamosi. Hata hivyo, ingemtuma mkaguzi aone huo uvimbe.

"Lini?" Mong'ina aliuliza.

"Jumamosi."

Toka siku hiyo uvimbe ulikuwa mali ya watu arobaini na mmoja. Drusilla alikatazwa kupakwa samli. Alishauriwa alale chali. Kila asubuhi saa tatu, alipotoka kusoma kipimo, alikuta watu wameshapanga mstari kwenye ua wamsome yeye. Ijumaa, ilipoonekana kwamba uvimbe unashuka, Mogire alijitolea kuufufua kwa mchi wa kinu, taratibu. Walter alimtoa nje.

Mkaguzi alifika Jumamosi ya tarehe 10, saa nne asubuhi, akiwa na tai, kofia, na rula ya chuma. Drusilla alimkaribisha, akampa chai na ndizi, akamwambia hawezi kupimwa.

"Hutafanya kitu, mama. Nitapima mimi."

"Uvimbe ni ushahidi. Ushahidi ni kazi. Tena nawe una kazi gani siku ya leo? Twende kanisani."

Mkaguzi hakuwa mtu wa kanisa. Alisema atangoja uani. Mong'ina alimletea kigoda, akakaa naye, kila mara akimweleza kwamba uvimbe nao hungoja lakini si sana. Saa tisa na nusu mvua ilianguka. Mkaguzi alikuwa ameshika mkononi jedwali la kampuni, lenye sufuri zote zile, na kabla hajafika mlangoni lilikuwa limelowa hadi halisomeki.

Jua lilipotua alikataa kupima uvimbe kwa mwanga wa taa, akalala kwa Walter. Jumapili saa tatu asubuhi Drusilla alisoma kipimo kwanza: inchi 0.84, maji ya siku mbili.

"Ya jana ni ngapi hapo?" mkaguzi aliuliza.

"Sijui. Kampuni yenu ndiyo inayojua Jumamosi."

Kisha akaketi. Mong'ina alikuwa ameacha misa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu azikwe mumewe. Mkaguzi aliweka rula ya chuma kwenye paji la uso. Siku ya nane tangu mawe yaanguke, uvimbe ulikuwa sehemu tano kati ya nane za inchi, zaidi ya nusu. Aliliandika hilo, akaongeza kwa mkono wake kwamba Jumamosi, tarehe 10 Mei, yeye mwenyewe alinyeshewa Marani.

Kampuni iliwalipa tarehe 20, fidia ya mara mbili, wote arobaini na mmoja. Kufikia tarehe 31 Mong'ina alikuwa amepanda miche mipya elfu tatu, na kibali kilibaki chake.

Fidia ya mara mbili imefutwa. Kampuni sasa inataka Jumamosi zisomwe, na ofisi ya hali ya hewa imekubali kuteua msomaji wa pili, mtu wa karibu asiye Msabato. Aliyependekezwa na Drusilla ni Mong'ina. Kampuni ilisema msomaji hawezi kuwa na bima. Mong'ina alifikiri siku mbili, akairudisha hati yake ya bima kwa Onyancha.

"Ukiwa na bima unamngoja mwenye rula," alimwambia. "Afadhali niwe na rula."

Desimali amefundishwa jioni tano, uani. Anakosea bado kwenye sufuri ya baada ya nukta, na Drusilla humrudisha mwanzo kila akikosea. Miche yake mipya haina bima.

Jumamosi, tarehe 7 Juni, saa tatu asubuhi, Mong'ina atasoma kipimo kwa mara ya kwanza. Drusilla atakuwa akipita kwenda kanisani, na atatazama upande wa pili.