Mama Kwenye Ukurasa wa Marejeo

Muhula wangu wa kwanza chuoni, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mhadhiri alitupa insha kuhusu desturi moja ya kwetu. Alikuwa ametuonya mapema: ukitumia maneno ya mtu, mtaje, usipomtaja, umemwibia. Wenzangu wengi walikimbilia maktaba. Wengine walijua duka la kupiga chapa ambako insha ziliuzwa zikiwa tayari. Mimi nilirudi nyumbani Mumbuni, nikamkuta mama jikoni akichambua maharagwe, nikamwomba anieleze habari za mwethya, kikundi cha akina mama waliochimbiana matuta, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule.

Alisimulia mpaka chai ikapoa. Nilipomsomea nilichoandika, akanikatiza.

"Hiyo ya kungoja mvua kwanza kabla ya kuchimba, uone maji yanapita wapi, nilifundishwa na jirani. Usiniandike mimi."

"Mama, mwalimu hatajua."

"Jirani atajua."

Jirani akaitwa. Alisikiliza akitikisa kichwa, kisha akasema, "Ni kweli, lakini mimi nilifundishwa na mama mkwe."

"Si alishafariki?" nikauliza.

"Kwani marehemu haandikwi?"

Tulicheka sote watatu, nami nikamwandika marehemu pia. Ukurasa wa marejeo ukawa na wanawake watatu, bila kitabu hata kimoja.

Mwenzangu wa chumbani alipouona alijitupa kitandani kwa kicheko. "Umemweka mamako hapa kama profesa?" Nilianza kuingiwa na shaka, lakini nikaipeleka kazi yangu vivyo hivyo.

Siku ya kurudishiwa, mhadhiri alisema baadhi ya insha zilifanana mpaka makosa ya tahajia, na wenyewe wangezirudia. Yangu aliibakiza mkononi.

"Ni nani ameandika hii?"

Nilisimama. Akasoma ukurasa wa mwisho kwa sauti: mama, jirani, na mama mkwe wa jirani. Darasa likaangua kicheko, naye akacheka nao, kisha akasema hicho ndicho alichokuwa akituomba tangu tufike. Akanigeukia. "Hawa wawili walio hai, naweza kuwaona?"

Alikuja Jumamosi moja, amevaa viatu vinavyong'aa. Akina mama walikuwa shambani tayari. Jirani alimtazama juu mpaka chini, akampa jembe.

"Mwalimu, mwethya hauelezwi mtu akiwa amekaa."

Akavua koti. Alichimba mpaka saa ya chakula, shati limelowa jasho, akiitikia wimbo wa Kikamba ambao hakuelewa hata neno moja. Wanawake walimcheka matamshi, wakampanguzia jasho kwa leso, wakamwimbisha tena. Kisha tuliketi ukingoni mwa tuta jipya, akala muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, sahani ya kwanza na ya pili, mama akimsukumia ya tatu.