Okidi Niliyoing'oa kwa Mkono Wangu

Jamani, hili huwa silisimulii, maana hata leo nikilikumbuka masikio yanapata moto. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, nami mwalimu wa sayansi huku Unyambwa nimejipatia koti (mikono yake ilinizidi, lakini koti ni koti), basi akaja mama mmoja, dokta wa mimea kutoka Dar, akauliza ofisini nani anaifahamu okidi, ua la porini linaloota kwenye mbuga zenye majimaji. Mwalimu mkuu akanitazama. Nikajibu, "Naijua sana." Wapi! Nilikuwa nimeliona hilo neno kitabuni tu.

Nikampeleka kwenye mbuga iliyo kando ya shamba la Bibi Salome, ajuza wa kijijini kwetu, wanakijiji wakatufuata, nikamwonyesha dokta ua kubwa jeupe ambalo hata mimi nililipenda. Bibi Salome akasogea.

"Mwalimu, ngoja kwanza, hilo si..."

"Bibi, tulia kidogo, haya ni mambo ya kitaalamu."

(Mtu wa umri wa kumzaa mama yangu, namwambia tulia.)

Dokta akatoa kamera, na kwa kuwa vijimea fulani vyenye maua ya kijani vilikuwa vinaziba picha, nikaviinamia nikaving'oa vyote vitatu na mizizi yake. Dokta akashusha kamera.

"Mwalimu, umeshika nini?"

"Magugu tu, dokta."

Akavichukua, akageuza ua moja, akanionyesha petali iliyoning'inia kama mdomo, nyuma yake kijimkia chembamba, na kule mizizini viazi viwili vidogo. Akachuchumaa palepale kwenye tope.

"Okidi ndiyo hii. Nimeitafuta misimu miwili ya mvua."

Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote. Bibi Salome hakucheka.

"Kila mwaka nafukuza ng'ombe hapa kwa ajili ya hayo maua," alisema taratibu. "Marehemu binti yangu alikuwa anayapenda."

Tulivirudisha ardhini, dokta akaviwekea uzio wa vijiti. Mvua zilizofuata hakikuota hata kimoja. Nikaenda kwa Bibi Salome kuomba radhi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanisogezea kigoda. "Mimi ningekwambia, mwalimu. Ungeniacha niseme tu."

Siku hizi nikiulizwa nisilolijua nasema sijui, hata mbele ya mkaguzi. Ila kila mvua zikichanganya huwa napita kwenye ile mbuga, natazama chini kwenye majani, halafu narudi nyumbani.