Komanda na Kosa Lake la Makusudi

Komanda hakuwa komanda. Alikuwa sajini tu katika kikosi cha wanamaji wa ziwani, lakini alipostaafu na kuanzisha gazeti katika gereji ya nyumba yake kule mtaa wa Mutanga Nord, alitutangazia kwamba kila chombo kina komanda mmoja, na sisi wafanyakazi hatukuona haja ya kubishana na mtu mwenye funguo za gereji.

Tulikuwa wawili chini yake. Mimi nilipiga chapa na kusahihisha. Mwenzangu, baba mmoja Mwislamu aliyejua kila mtu mjini, alitafuta habari na kuzungusha mashine ya kuchapia, kwa maana ilikuwa ya mkono. Komanda aliendesha gazeti kama boti ya doria. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kabla ya mawaziri na mazungumzo ya amani, palikuwa na hali ya upepo ziwani. Mashine ikikwama alipaza sauti, "Simamisha injini!" na sote tulisimama, hata mimi niliyekuwa nakunywa chai.

Lakini jambo lililotupa jina mjini ni namna yake ya kusahihisha makosa. Magazeti mengine yakikosea huandika mistari miwili kwa herufi ndogo, chini ya tangazo la godoro. Komanda alisema huo ni woga. Kwetu mtu akimkosea mwenzake humwendea nyumbani na bia, wakakaa, wakanywa, akasema alichokosea, basi yameisha. Kwa nini gazeti liwe na adabu ndogo kuliko mtu? Kwa hiyo kila tulipokosea tulipakia kreti ya bia kwenye pikapu yake, au ya soda kama tuliyemkosea ni Mwislamu, tukaenda sote watatu kuomba msamaha.

Mji ulielewa haraka. Muuza vitenge mmoja wa mtaa wa Jabe, ambaye tulimwandika kuwa anauza viatu, alitupokea akiwa na shemeji zake wote, na juma lililofuata jirani yake alikuja gerejini kuuliza yeye ataandikwa vibaya lini. Nilimfukuza. Sina subira na watu wa namna hiyo, na isitoshe msahihishaji nilikuwa mimi. Kila kreti iliyopanda pikapu ilikuwa aibu yangu. Niliapa kwamba gazeti letu litatoka safi, liwe halina hata doa.

Komanda alikuwa na rafiki mmoja wa kweli: fundi wa injini wa boti yao ya zamani. Walikula sahani moja tangu ujana wao. Vita vilipoanza mitaa ikagawanyika, mmoja akabaki Mutanga Nord, mwingine akahamia Kajaga, kando ya ziwa, kuuza samaki, na katikati yakakaa maneno. Mtu alimletea Komanda habari kwamba fundi amemsema vibaya. Bila shaka mwingine alimpelekea fundi habari kama hiyo. Miaka ile wapeleka maneno walikuwa wengi kuliko wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Tena, kumtembelea mtu wa upande wa pili bila sababu kulizua maswali: amefuata nini, nani amemtuma? Komanda alimkumbuka sana rafiki yake, tuliliona hilo, maana kila hadithi yake ya ziwani iliishia kwa fundi. Nilimhurumia. Lakini kwenda, hakwenda.

Siku moja alinipa makala ya kumbukumbu za wanamaji. Nikasoma, nikakuta fundi ameandikwa kuwa alikuwa mpishi wa boti. Nikasema mzee wa watu anazeeka. Nikafuta mpishi, nikaandika fundi wa injini, na gazeti likatoka.

Komanda alilisoma amesimama.

"Nani ametengeneza kosa yangu?"

"Ni mi, Komanda. Uliandika mupishi."

Alitoka nje na kuubamiza mlango wa gereji, ambao ni wa bati, mtaa mzima ukasikia. Juma lililofuata akaniletea sehemu ya pili. Safari hii mpishi alikuwa pia anaunguza maharage. Nilisikitika kweli. Nikafanya kazi ya ziada: nikafuta maharage, na kwa kumlindia mzee heshima nikaongeza kwamba fundi huyo alikuwa hodari, injini zote zikimtii.

Aliposoma hayo alikaa juu ya rundo la karatasi.

"Mwanangu," alisema, "we uko unaniua."

"Mi niko naokoa gazeti, Komanda. Huyo mutu hakuwa mupishi. We mwenyewe ulituambia injini ilikufa karibu na Rumonge, akaitengeneza na kamba ya kiatu."

"Najua hakuwa mupishi! Sasa kama hatumukosee, mi ntaenda kwake na sababu gani?"

Mwenzangu aliachia mkono wa mashine. Mimi nilishikwa na haya na hasira kwa wakati mmoja, na hasira ndiyo iliyozidi. Angesema tangu mwanzo! Mpaka leo sioni nilikosa nini. Msahihishaji kazi yake kusahihisha. Lakini nilipomwona yule mzee amekaa juu ya karatasi, kofia mkononi, nilitaka kulia.

Sehemu ya tatu niliiacha na mpishi wake na maharage yake ya kuungua, na kwa hiari yangu nikatia chumvi nyingi kwenye mchuzi. Mwenzangu alipeleka nakala Kajaga kwa mkono wake mwenyewe, isije ikapotea. Kesho yake tukapakia kreti.

Kwenye kizuizi cha njia ya Kajaga askari akatusimamisha. Tunaenda wapi?

"Kuomba musamaha," alisema Komanda.

Askari aliiangalia kreti kwa muda mrefu, akainua mti wa kizuizi. "Basi muende mbio. Bia itapata moto."

Fundi alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, gazeti magotini. Alikuwa amekonda. Hakuinuka. Komanda alisahau hotuba yote aliyokuwa akiisema njia nzima.

"Tumekukosea," alisema. "Tuliandika we ulikuwa mupishi."

"Nimeona." Fundi alikunja gazeti polepole. "Gazeti yako mi nilinunua tangu ya kwanza. Kila juma niko natafuta kosa juu yangu. Apana kosa. Halafu juma mbili hizi mukaniandika vizuri, mukanisifu kabisa. Nikaambia mama watoto: basi, huyu hatakuja tena."

Komanda aligeuka akanitazama. Nikajishughulisha na kufungua chupa.

Walikunywa, wakacheka, wakawataja wenzao waliokufa, wakaulizana nani alisema nini, na ikaonekana hakuna aliyesema kitu. Jua likashuka nyuma ya milima ya Kongo. Ilibidi tuondoke kabla ya saa ya kufunga njia. Komanda akasimama, akavua kofia, akauliza kama desturi inavyotaka:

"Basi, umenisamehe?"

Fundi alifikiri. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta.

"Apana," alisema. "Bado sijasamehe. Urudi juma ijayo."