Turubai Lililopakwa Siagi

Harufu ya siagi iliyochacha hunichefua hadi leo. Turubai la kukunjwa, paa la gari la mzungu wa shamba, lilikuwa limekakamaa, haliwezi kufunika tena. Mpishi wake akaniambia, "Paka siagi, njo vile tunalainisha ngozi ya ngombe. Ikifunika mbele ya mvua kunyesha, wadogo wako watakula."

Tulikuwa yatima, nikapaka. Ndani ya mikunjo mlikuwa na panya waliooza, laini kama uji, na siagi ile ikanishika hadi viwikoni. Nilitapika mara kwa mara, nikarudi kupaka. Turubai likafunika.

Jioni nikammegea mdogo wangu mmoja bugali tuliopewa na mpishi. Akageuza uso. "Kaka, mukono yako inanuka."

Nikawasogezea wadogo zangu sahani, nikakaa nje mpaka wakashiba.