Bao la Chiku

Chiku Shabani alikuwa na miaka sitini na mbili alipoukuta mchezo wake mwenyewe kwenye maonyesho ya kompyuta za zamani mjini Arusha. Ulikuwa bao, lile aliloliandika mwaka 1989 akiwa mpiga chapa katika ofisi ya wauza kahawa. Pembeni palibandikwa karatasi: "Mtunzi hajulikani. Maandishi ya programu yamepotea."

"Anajulikana," alimwambia Alykhan, mwenye mkusanyiko ule. "Ni mimi."

Alykhan akatabasamu kwa adabu. "Shikamoo, mama. Wewe ni wa tatu kuniambia hivyo mwaka huu."

Adabu ile ndiyo iliyomuuma. Ilimkumbusha bosi wake, aliyewakuta wafanyakazi wakicheza saa za kazi, akaamuru disketi zenye maandishi ya programu zifutwe. "Umeajiriwa kupiga chapa," alimfokea. Nakala za mchezo zilikuwa zimeshasambaa ofisi kwa ofisi, lakini hizo zilichezeka tu. Jinsi mchezo ulivyoandikwa hazikuonyesha. Chiku alikuwa ameshachapisha mistari yote ya programu kwenye karatasi za kukunja, zile zenye matundu pembeni, akatoka nazo ndani ya kikapu.

Sasa alirudi kwao Kaloleni akapekua nyumba nzima. Alizikuta zimetandikwa kwenye kabati la vyombo. Marehemu mama yake aliona ni karatasi nzuri tu. Nyingi zilikuwa zimegandwa na mafuta, na moja panya walikuwa wameila nusu.

Wiki sita alizichapa upya, mstari kwa mstari.

"Dada, umri huu unashindana na nani?" mdogo wake Salha alimuuliza.

"Na aliyeandika kwamba sijulikani."

Kwa ukurasa ulioliwa hakubahatisha. Aliucheza mchezo kwenye nakala moja ya zile zilizosambaa, siku baada ya siku, mpaka akajua mistari ile ilikuwa ikifanya nini. Akaiandika upya, na kando ya kila mstari akaweka tarehe ya siku hiyo, asije akamdanganya atakayesoma.

Kisha akamrudia Alykhan. "Kete zikizunguka zaidi ya mara mbili, moja hupotea. Kweli si kweli?"

Tabasamu la adabu likatoweka usoni mwa Alykhan. Kasoro ile aliijua miaka mingi na hakuwahi kumwambia mtu.

Chiku akaweka kidole kwenye mstari wa 2140. "Ni hapa. Nilihesabu mashimo kuanzia moja, ilipaswa sifuri."

Alykhan akasoma, akarudia. "Niwie radhi, mama." Akashika kipanya. "Nikurekebishie kabla hatujahifadhi?"

"Acha kama lilivyo! Kosa hilo nimelikosea mwenyewe, ni langu. Ukitaka bao lisilo na kosa, kaandike la kwako uweke jina lako."

Likahifadhiwa hivyo hivyo, na jina lake juu. Alykhan alipoziomba karatasi zenyewe, Chiku alimpa picha za karatasi hizo tu.

Siku hizi anaandika mchezo mwingine, wa mnada wa ng'ombe wa Ngaramtoni. Amefika mstari wa mia tisa. Wanaomuuliza nani ataucheza huambiwa wampishe, bado anaandika.