Mstari wa Usiguse

Ofisini walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale na hata arobaini hajaifikisha. Jina lilitokana na mdomo wake. Ukiacha kikombe kichafu mezani, atakusema. Ukiandika programu inayoomba nafasi kwenye kumbukumbu ya simu halafu isiirudishe, atakusema mpaka utamani ardhi ipasuke ikumeze.

Hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Kuna programu zinazoandikwa kwa lugha ya chini kabisa, inayoongea na simu bila mkalimani, na hizo hazina wa kuzifagilia. Zinaomba nafasi zenyewe, zinairudisha zenyewe. Ikitokea moja ikaandika nje ya mpaka wake, simu haipigi kelele. Inameza kosa kimya kimya, na siku yoyote mambo yanaharibika kwingine kabisa, kwa kitu kisicho na hatia. Kumtafuta mkosaji wa kweli ndiko kulikompa Shangazi mshahara na maumivu ya shingo.

Programu waliyoitengeneza ilikuwa ya wagonjwa wa sukari. Mgonjwa anabandikwa kidude mkononi, si kikubwa kuliko kifungo cha koti, kinapima sukari na kuipelekea simu habari. Sukari ikishuka chini ya kiwango cha hatari, simu inalia mpaka jirani aamke. Mama yake Shangazi, mshonaji aliyestaafu na mkaidi asiyestaafu, alikuwa nacho. Binti alimbandikia kwa mkono wake mwenyewe, na alipopata nyongeza ya mshahara akamnunulia na simu mpya, maana ile ya zamani ilikuwa imechoka, kioo kimepasuka.

Asubuhi ile Shangazi alikwisha fika getini alipokumbuka miwani. Akarudi. Alipopita jikoni akamkuta mama yake sakafuni, macho wazi yasiyomwona mtu, sufuria ya maji imekauka juu ya moto na inanuka.

"Mama! Mama wee!"

Alipiga ukelele uliomleta nesi wa nyumba ya pili mbio, kanga moja begani, sindano ya kupandisha sukari mkononi, maana hali ya Mama aliijua. Nesi akachoma. Wakasubiri huku Shangazi amekishika kile kichwa mapajani mwake, haamini kwamba kichwa cha mama yake kinaweza kuwa kizito vile. Baada ya muda mama akapepesa macho, akasema, "Nani kaacha jiko linawaka?"

Hapo ndipo Shangazi alipoiona simu. Ilikuwa mezani, mahali pake, imewaka. Kwenye kioo namba ya sukari ilisomeka sawasawa, iko chini kiasi cha kutisha, na pembeni yake alama ya kijani: hali salama. Simu ilikuwa imeona kila kitu. Ilimwona mama anaanguka na haikulia.

"Hizi simu nazo," nesi akasema, akinyoosha kidole. "Zima, uiwashe tena, itakaa sawa."

"Usiiguse!"

Nesi wa watu akarudi nyuma kama kaungua. Shangazi aliomba radhi papo hapo, lakini simu alikwisha inyakua na kuichomeka kwenye chaji. Alichokijua yeye ni kwamba kumbukumbu ya simu ni kama ubao wa chaki: ukizima, umefuta. Mkosaji, kama yupo, alama zake ziko humo humo. Na hakuna kidude kitakachomlinda mama yake mpaka mkosaji apatikane, wala mama wa mtu mwingine.

Alimwacha nesi na mgonjwa, akaenda ofisini amekumbatia simu na betri ya akiba. Mkuu wa timu, waliyemwita Kipara hata yeye akiwapo, alimwona usoni akaacha utani aliokuwa ameuandaa. Walikuwa wameanza kazi pamoja, na Kipara alikwisha kula kwa mama yule mara zisizo na idadi.

"Mama yuko hai," Shangazi akasema kwanza. Kisha akamweleza.

Akaiunganisha simu na kompyuta kwa waya, akaisimamisha programu bila kuiua, akaanza kuchungulia nafasi moja baada ya nyingine. Akafika kwenye kile kiwango cha hatari, ile namba ambayo sukari ikiwa chini yake simu hulia. Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Kipara, njoo uone. Au nimepofuka?"

Kiwango kilikuwa sifuri. Simu ilikuwa inangoja sukari ya mama yake ishuke chini ya sifuri ndipo ilie. Hakuna binadamu mwenye damu mwilini anayefika huko. Angekufa, akapoa, akazikwa, na alama ya kijani ingali inawaka.

Kipara aliketi bila kuangalia kama kuna kiti. Kwa bahati kilikuwapo.

Nani aliandika sifuri pale? Shangazi alichukua simu nyingine ya aina ile ile, akatega mtego anaoujua: kila nafasi inayogawiwa ijengewe ukuta mwishoni, atakayevuka mpaka aanguke hapo hapo, mguu ungali hewani. Kisha akailisha programu vipimo vya uongo harakaharaka, siku nzima ya sukari ndani ya dakika chache. Siku ilipojaa, programu ikaanguka.

Ilianguka mahali pa kijinga kabisa. Vipimo vya siku vinapojaa, programu hufuta nafasi zote kwa kuziandikia sifuri, ianze siku upya. Aliyeiandika alihesabu moja zaidi. Ilifuta nafasi zake zote, na moja ya jirani.

Na chini ya hapo, katika maandishi ya programu, palikuwa na ule mstari. Kila aliyewahi kufanya kazi pale aliujua. Ulikuwa unaomba nafasi ndogo, hauweki kitu ndani, haurudishi. Juu yake pameandikwa: usiguse. Mgeni akiajiriwa aliambiwa choo kiko wapi, chai iko wapi, na mstari usioguswa ni upi. Walikuwa wakiutania kwamba ni hirizi. Shangazi, anayesema watu kwa kikombe, alikuwa akiupita kila siku na kucheka na wenzake.

"Huu uliuweka wewe," akasema taratibu.

"Mimi," Kipara akasema. "Programu ilikuwa inaanguka, sijui kwa nini. Nikaweka kinafasi pale katikati, ikaacha kuanguka. Nilidhani kosa limeondoka."

"Lilikuwa linaanguka ndani ya kinafasi chako. Simu mpya zinagawa nafasi kwa mpango mwingine. Hirizi yako imepelekwa kule, kiwango cha hatari kimeletwa hapa."

"Kwa hiyo kosa…"

"Kosa halikuondoka, ndugu yangu. Lilihamia kwa Mama."

Kipara alijifunika uso kwa viganja. Shangazi alitafuta maneno ya kumsema na kwa mara ya kwanza hakuyapata, kwa sababu jambo jingine lilikuwa linampanda kifuani. Kosa lilihitaji programu ikae hai siku nzima bila kuzimwa. Ukizima na kuwasha, kiwango kinasomwa upya na hesabu inaanza mwanzo. Ofisini simu za majaribio zilizimwa kila mara, ndiyo maana hawakuona. Na mama yake, tangu apate simu ya kwanza, alikuwa akiizima na kuiwasha kila jioni kabla ya kulala. "Nayo ipumzike," alikuwa akisema.

Nani alimwachisha? Binti msomi, siku ya zawadi: "Mama, hizi mpya hazizimwi. Acha ushamba."

Walirekebisha hesabu kabla ya jua kukaza. Lakini toleo jipya lisingewafikia wagonjwa wote siku ile, na simu mpya zilikuwa mikononi mwa watu wengi. Kipara akasema watume onyo kwa kila mtumiaji, sasa hivi. Shangazi ndiye aliyeliandika.

Alipofika nyumbani mama alikuwa kitandani, mito miwili mgongoni, simu ya nesi mkononi, maana nesi alikuwa na programu ile ya kumfuatilia mgonjwa mwingine wa kidude kile, na onyo lilikwisha mfikia. Mama aliisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti:

"Zima simu yako, kisha iwashe. Fanya hivyo kila siku mpaka upate toleo jipya." Akainua uso. "Si ndivyo nilivyokuwa nikifanya mimi?"

"Ndivyo, Mama."

"Sasa nani alinikataza?"

Shangazi alimrudishia Mama simu yake ile mpya. Mama akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi. Wakakaa wawili wale, mkono wa binti umeung'ang'ania wa mama, wakingoja iwake.