Breki Zangu Zilikuwa Nzima

Wapenzi wasomaji, juma lililopita tulimzika Kituntu mfanyabiashara mwenzetu, yule mwenye baisikeli kuukuu ya chuma, ya mipira migumu isiyotiwa upepo. Homa ilimchukua kwa siku nne tu. Mnaonifahamu mnajua kwamba siku hizi mimi ni mtu wa nyumbani, kutoka barazani hadi sokoni naona safari; lakini msiba huu nilihudhuria wote, na nimerudi nina jambo la kuwaeleza ambalo halinipendezi hata kidogo.

Tulikuwa watano wenye baisikeli, na tulipokwenda kununua kahawa Bugomora tulifuatana mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba kati ya migomba, tukitaniana kutwa nzima. Sijapata raha kama ile. Marehemu alikuwa wa mwisho daima, chuma chake kikilia kama mlango wa ghala. “Shehe,” nikamwuliza siku moja, “hiyo ni baisikeli au kitanda?” Akajibu bila kuinua kichwa, “Kitanda, bwana. Ukichoka na hiyo mpya yako, njoo nikulaze.”

Siku hiyohiyo, kwenye mteremko, tuliwaona watu wanne wakipanda na machela, wamebeba mgonjwa. Desturi ya huku hata mgeni anaijua: ukikutana na machela unaacha safari yako, unaweka bega, unawasaidia kwa kitambo. Mimi nilikuwa mbele. Nilikuwa na kanzu mpya, na mteremko ulikuwa mtamu. Nikapiga kengele, nikapaza sauti, “Breki! Breki zimekatika!” Wakarukia kichakani, machela ikapinda, nikamsikia mgonjwa akiguna. Nyuma yangu nikasikia marehemu akiwaambia, “Mtuwie radhi, waitu, ndugu zetu, chombo chake kibovu.” Wenzangu wote wakashuka, wakabeba.

Niliwangoja bondeni, kivulini, mpaka jua likapinda. Walipofika mabega yamevimba, marehemu aliinama akabana breki zangu. Zikauma gurudumu sawasawa. Akanitazama, kisha akawageukia wenzetu: “Zilikuwa zimelegea. Nimezikaza.” Wakanipa pole! Na yule mgonjwa alipopona, watu wa nyumba yake Bugomora wakaniletea mkungu wa ndizi, kunipoza kwa hofu niliyopata. Niliula wote. Halafu, kwa kuwa sina haya, nikaiandika ajali hiyo katika safu hii, nanyi mkacheka.

Zamani, tulipokwenda kwa miguu, shida ya mtu ilikukuta uso kwa uso, huna pa kupenyea. Siku hizi gurudumu linakupitisha kabla hujaulizwa jina. Nisiisingizie baisikeli, hata hivyo. Marehemu naye alikuwa nayo, na alishuka.

Huko matangani, jamaa mmoja akanigusa goti: “Hebu tuchangamshe, bwana mwandishi. Ile ya breki!” Nikatazama huku na huku. Mtu pekee aliyejua ukweli alikuwa kaburini. Mngedhani ningepumua. Nikaisimulia tena, mpaka na kelele zangu za mteremkoni, na mjane wake akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Akasema, “Alikuwa akikuhurumia sana kwa siku ile.”

Sikuweza kula chakula cha matanga. Kwa miaka yote hiyo nilidhani kwamba aliponifichia aibu alinipa ruhusa ya kuisahau. Sasa naona alikuwa akinipa nafasi ya kuisema mwenyewe, na alingoja kwa adabu mpaka akafa. Anayekusitiri hakufutii kosa. Anakuachia kulikiri kwa mdomo wako.

Basi nimeanza na ninyi, kwa kuwa karatasi haikunjii mtu uso. Kesho nakwenda kwa mjane. Kesho kutwa Bugomora, kwa wenye ule mkungu. Wakinicheka au wakinifukuza, vyote ni haki yao.